Fungu la Wanyama wa Mwituni



Katika Kitabu cha Kutoka, sura ya 23, Mungu anawaagiza Waisraeli walime miaka sita, na mwaka wa saba waiache ardhi ipumzike. Sababu ya agizo hilo twaisoma mbiombio mno: maskini wapate kula, na kitakachobakizwa na maskini kiliwe na wanyama wa mwituni. Ndiyo kusema mnyama wa mwituni ana fungu lake katika shamba la mtu, naye amewekwa safu moja na maskini, nyuma yao kidogo.

Neno hili latuhusu sisi wa Njombe na Makambako kuliko tunavyodhani. Mtu wa kwetu akisikia hifadhi huwaza Serengeti na tembo. Lakini huko juu Makete uko uwanda wa Kitulo, ambao watu huuita Bustani ya Mungu, uliofanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2005, hasa kwa ajili ya maua yake. Katika misitu iliyo jirani nao wataalamu walimtambua kima aitwaye kipunji mwaka 2003, baada ya kusikia habari zake kwa wawindaji wa Kinyakyusa. Na yupo mbayuwayu wa buluu, ambaye hutaga ndani ya mashimo ya ardhini, penye majani ya nyanda za juu, kisha huhamia pande za Ziwa Viktoria. Majani hayo yakifunikwa na mipaina, ndege huyo hana tena mahali pa kutaga.

Basi waamini wetu wanauliza: je, ni halali kuacha shamba kwa ajili ya ndege na kima, hali watoto hawana pa kulima? Swali hili si la mzaha. Mnunuzi anakuja kutoka mjini akitaka mlima wa kupanda mipaina na bonde la kupanda parachichi, na baba mwenye nyumba anadaiwa karo. Akiuza, nani atamrushia jiwe? Akikataa kuuza, akaiacha chemchemi na msitu wake mdogo, majirani watamwita mvivu.

Tutazame kwanza habari ya Nabothi. Mfalme Ahabu alilitaka shamba lake la mizabibu, naye akakataa kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake. Na Mungu alisimama upande wa Nabothi. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kumkamua mnyonge ardhi yake, hata akija na maneno matamu ya kuhifadhi viumbe vya Mungu. Barnaba aliuza shamba akaleta fedha miguuni pa Mitume, lakini shamba lilikuwa lake. Mume anayesimama katika mkutano wa kijiji na kukitoa kinyungu ambacho mkewe ndiye anayekilima, bila hata kumwuliza, hajatoa sadaka yoyote. Amechukua cha mwenzake.

Na tukumbuke kwamba katika nchi yetu ardhi yote ni ya umma, chini ya Rais akiwa mdhamini. Tunachopeana ni haki ya kuitumia. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 yataka mambo haya yapitie halmashauri ya kijiji. Maneno ya kilabuni hayatoshi, yaandikwe. Nayo Sheria ya Misitu ya mwaka 2002 inakiruhusu kijiji kutenga msitu wake chenyewe na kuulinda kwa sheria zake ndogo. Tena, Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 yakataza shughuli za kudumu ndani ya meta 60 kutoka ukingo wa mto. Anayeng'oa milingoti yake katika ukingo huo analipa deni tu, kutoa hajaanza.

Zipo njia zisizomwacha mtu mikono mitupu. Kule Kitengela, kusini mwa Hifadhi ya Nairobi, tangu mwaka 2000 familia za Kimasai zilianza kulipwa kwa kila ekari ili zisizungushe ua, zisilime wala kuuza, wanyama wapate kupita. Malipo yaligawanywa mara 3 kwa mwaka, kufuata majira ya karo. Huyo aliyepanga hivyo alimjua mzazi.

Kanisa nalo lina ardhi. Parokia na nyumba za watawa zina mashamba, na mengine tulipewa na wazee wenu bila malipo. Haifai kumwomba mjane aache bonde lake wakati bonde la misheni limelimwa mpaka kwenye jicho la maji. Halmashauri za walei zitembee mipaka ya parokia kabla ya mvua, ziamue kipi kiachwe, na sisi mapadre tukubali kusikia.

Juma hili, katika Jumuiya Ndogo Ndogo, makatekista waisome sura ile ya 23, kisha kila familia itaje kijito kilicho karibu nayo na kielekeako. Walioko Njombe mjini waanze na Ruhuji, ambao maji yake huenda Kilombero hadi Rufiji. Walioko upande wa Makambako na Wanging'ombe wavifuate vijito vinavyoshuka Usangu na kuingia Ruaha Mkuu, mto ambao tangu mwaka 1993 ulianza kukatika wakati wa kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wakisongamana katika madimbwi yaliyosalia.