Hati za Uhuru: Hotuba juu ya Makumbusho ya Mkunazini



Mmetutaka tuwaeleze habari za safari yetu ya Unguja, tulipokwenda kutazama makumbusho ya biashara ya watumwa pale Mkunazini. Habari za chombo na za malazi tutaziacha, maana muda ni mchache.

Mahali pale palikuwa soko la watumwa hata tarehe 5 Juni 1873, siku ambayo Sultani Barghash alitia sahihi mapatano ya kufunga masoko hayo. Baadaye pakajengwa Kanisa Kuu, na Edward Steere ndiye aliyeusimamia ujenzi wake. Nje ya kanisa mna shimo, na ndani yake sanamu tano za watu wenye minyororo shingoni, kazi ya Clara Sörnäs wa Sweden. Hapo tulisimama kimya kitambo kirefu.

Kisha tulishushwa katika vyumba viwili vya chini, vyenye dari fupi mno, tukaambiwa ndimo walimofungiwa watumwa. Lakini wako wanahistoria wanaobisha, wasemao kwamba nyumba ile ilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa. Sisi twaona ni haki mgeni aambiwe yote mawili. Habari za soko lile zatosha zenyewe, hazihitaji kutiwa chumvi.

Basi sisi tulio watu wa kalamu tulifikiri zaidi juu ya karatasi. Mapatano ya 1873 yalikataza kusafirisha watumwa kwa bahari na kuwauza sokoni, bali utumwa wenyewe haukuguswa. Aliyekuwa mtumwa shambani jana, leo yu mtumwa vile vile. Ikapita miaka 24 hata ilipotolewa amri ya Sultani Hamoud bin Mohammed, tarehe 6 Aprili 1897. Nayo amri ile, ndugu zetu, haikumfungua mtu kwa nguvu yake yenyewe. Mtumwa alipaswa kwenda mwenyewe mahakamani kuomba. Na aliyekubaliwa ilimpasa aonyeshe kwamba ana makao na njia ya kupata riziki, la sivyo atahesabiwa mzururaji. Fidia iliwekwa kwa mwenye mtumwa. Mtumwa hakuwekewa kitu. Masuria hawakuwamo, kwa kuwa walihesabiwa kama wake, nao walingoja hata mwaka 1909.

Mfikirini mama mchuma karafuu, asiyejua kusoma, ametembea toka shamba mpaka mjini, sasa amesimama mbele ya meza. Upande wa pili ameketi karani kama sisi, mwenye wino na daftari. Akimwambia, "Rudi kesho," mama yule atalala wapi usiku huo? Kwa bwana wake yule yule aliyemshtaki.

Wanachama watakao kufuatana nasi safari ijayo na wampe Katibu majina yao.