Mzazi Naye Apande Darasa

Hotuba iliyotolewa na muuguzi mkunga mstaafu, jirani wa hekalu, katika ukumbi wa hekalu siku ya maadhimisho



Nawashukuru kwa heshima mliyonipa ya kusimama mbele yenu siku ya furaha kama hii. Mimi si muumini wa hekalu hili; ni jirani yenu. Kengele zenu za alfajiri ndizo zilizoniamsha kwenda kazini kwa miaka mingi, na wengi kati ya vijana waliotupangia viti leo niliwapima uzito wakiwa wachanga, wakining'inia kwenye mizani ya kliniki na kulia kwa sauti kubwa. Niruhusuni basi niseme nanyi kuhusu jambo ninalolijua, na kuhusu jambo nililochelewa kulijua.

Wahenga walisema: kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana. Hata hivyo, ukitazama jinsi tunavyoishi, utaona kwamba maandalizi yetu mengi tumeyaelekeza kwenye mimba, na kwa mwana tumebakiza kidogo sana.

Nimealikwa mara nyingi katika nyumba zenu. Nimeshuhudia simant, mama wa uzazi wa kwanza anapopambwa na kuombewa heri katika mwezi wa saba. Nimeshuhudia chhatthi, usiku wa sita baada ya mtoto kuzaliwa, karatasi tupu na kalamu zinapowekwa karibu na mtoto ili Vidhata aandike majaliwa yake. Nimemwona shangazi, yaani foi, akimpa mtoto jina, na baadaye nimemwona mtoto akionjeshwa chakula chake cha kwanza. Sisi majirani nasi tuna yetu. Binti huwa na somo wa kumfunda, bibi arusi huwa na kungwi, na mzazi hutunzwa ndani mpaka arobaini yake itimie. Mila hizi zinatofautiana, lakini hekima yake ni moja: mtu asiachwe avuke hatua ya maisha bila mwenzake aliyemtangulia kumshika mkono.

Kliniki nayo hufanya vivyo hivyo. Mama huja na kadi, mtoto hupimwa na kuchanjwa, naye muuguzi hueleza la kufanya mpaka mwezi ujao. Kisha mtoto hutimiza miaka 5, kadi huwekwa kabatini, na shule huanza. Tangu siku hiyo mtoto hupanda darasa kila mwaka, ilhali mzazi hubaki darasa lilelile. Atamlea kijana wa miaka 15 kwa maarifa aliyopewa alipokuwa akimlea mchanga.

Nasema haya kwa kuwa yamenifika. Nilifundisha mamia ya kina mama jinsi ya kumnyonyesha mtoto na kutambua dalili za hatari. Nyumbani kwangu, mwanangu wa pili alipoingia kidato cha pili, alianza kujifungia chumbani na kunijibu kwa neno moja moja. Nikadhani ni kiburi. Alama zake ziliposhuka nilimgombeza mbele ya wageni, nikamlinganisha na dada yake, na siku moja nikampiga kofi. Hakulia. Alinitazama tu, na kwa miezi iliyofuata hakuniambia lolote zaidi ya shikamoo na ahsante.

Miaka mingi baadaye, akiwa mtu mzima, ndipo aliponisimulia kwamba mwaka ule vijana wakubwa walikuwa wakimnyang'anya nauli na kumpiga njiani. Alisema alijaribu kuniambia mara mbili, na mara zote mbili nilianza kugomba kabla hajamaliza sentensi ya kwanza. Cheti changu cha ukunga kilikuwa ukutani wakati wote huo. Elimu ya kumsikiliza kijana wa miaka 15 sikuwa nayo, wala sikujua kwamba kuna elimu kama hiyo.

Ndugu zangu, kila umri wa mtoto una somo lake kwa mzazi. Katika miezi 6 ya kwanza, somo ni maziwa ya mama pekee. Hapa mila na kliniki zinapatana vizuri, kwani sherehe ya chakula cha kwanza kwa kawaida hufanyika karibu na mwezi wa sita. Lakini bibi anayetamani kumwonjesha mchanga asali au maji ya sukari guru, desturi ya mapenzi inayojulikana kwenu na kwetu, hana budi kuelezwa kwa heshima kwamba asali inaweza kubeba vijidudu vya hatari kwa mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Kwa hiyo bibi naye anahitaji darasa, wala si mkwewe peke yake.

Mtoto anapoanza kusema, wazazi wengi huniuliza kama waache lugha ya nyumbani ili asichanganyikiwe shuleni. Jibu ni hapana. Mwongeleshe Kigujarati, mwongeleshe Kiswahili, mwimbie, mjibu maswali yake hata yakiwa mia. Mtoto ana uwezo wa kubeba lugha mbili na zaidi. Kinachomdhuru ni kimya. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyopangwa kwa miaka ya 2021/22 hadi 2025/26, imemtazama mtoto mpaka umri wa miaka 8, na imesimama juu ya mambo matano: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Malezi yenye mwitikio maana yake ni rahisi: mtoto akitoa ishara, mzazi aione na aijibu.

Baada ya hapo huja umri wa balehe, ambao wengi wetu huuvuka gizani. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu mafunzo ya wazazi, nao unawahusu watoto tangu kuzaliwa mpaka miaka 17. Kwa hiyo hata wataalamu hawaoni kwamba kazi ya kumfunza mzazi inakwisha mtoto aachapo nepi.

Nami naongeza kwamba haikomi hata hapo. Mwana atachagua kazi ambayo hukuichagua wewe. Ataleta mchumba. Atahamia Leicester, nawe utakuwa bibi au babu wa kwenye simu, ukimwona mjukuu kwa nusu saa siku ya Jumapili. Kujua lini useme na lini unyamaze mbele ya mwana aliyekwisha kuwa mzazi ni elimu, na baadhi yetu tumepoteza wana na wakwe kwa kuikosa.

Wako watakaosema: wazee wetu walilea bila madarasa, na siri za nyumba hazianikwi. Ni kweli wazee wetu hawakukaa darasani. Lakini waliishi katika nyumba za ua, mama mchanga akiwa na mama mkwe, wifi na jirani ndani ya kuta zilezile. Ua ule ndio uliokuwa darasa. Leo tunaishi katika fleti, kila familia na mlango wake, na anayemfundisha mzazi kijana ni simu iliyo mkononi. Tusipomrudishia ua ule kwa njia nyingine, tusimlaumu akikosea.

Baadhi yenu mnakumbuka kwamba mwaka jana, kwa ruhusa ya Wadhamini, tulikutana katika ukumbi huu Jumamosi 6. Hatukuhutubiana kama ninavyowahutubia leo. Tulipanga viti kwa duara. Kila mmoja alisimulia jambo moja lililomshinda wiki ile, tukaliigiza, mzazi akawa mtoto na mwenzake akawa mzazi, kisha tukajaribu namna nyingine ya kulisema. Kazi ya nyumbani ilikuwa robo saa kila siku na mtoto, simu ikiwa mbali, na mtoto ndiye achague la kufanya. Baba alikuwa mmoja tu, mwenye duka. Wiki ya pili alitueleza kwamba katika robo saa yake ya kwanza aligundua hajui jina la rafiki yeyote wa binti yake. Alisema hayo huku akitazama chini, na hakuna aliyemcheka. Tangu jioni ile hakukosa kuja.

Ombi langu kwenu siku hii ya maadhimisho ni kwamba mikutano ile isibaki kumbukumbu. Ukumbi ufunguliwe kwa wazazi mwaka mzima, kwa makundi kulingana na umri wa watoto, kuanzia wajawazito mpaka mababu na mabibi, kwa waumini na kwa majirani pia. Yanayosemwa darasani yabaki darasani, isipokuwa moja: mtoto akiwa anaumizwa, hiyo si siri ya nyumba. Atafutwe afisa ustawi wa jamii, au ipigwe namba 116, simu ya huduma kwa mtoto, ambayo haina malipo.

Na kina baba, naomba mnivumilie. Katika simant mlikaa sebuleni, kliniki mlisubiri nje, na sisi wauguzi tuliwazoesha hivyo kwa kutowaita ndani. Kosa hilo ni letu pia. Leo nawaita ndani.

Mwanangu sasa ana watoto wawili. Mwezi uliopita aliniuliza kama darasa letu litaendelea, maana mkubwa wake anakaribia miaka 12 na ameanza kufunga mlango wa chumba. Nilimjibu kwamba nitawauliza wenyewe. Daftari la majina liko kwa Katibu, mezani karibu na mlango wa kutokea. Jina la mwanangu ndilo la kwanza.

Mwenyezi Mungu alijalie hekalu hili miaka mingine mingi, na mtaa wetu amani.