Machujio ya Hewa ya Pikapu Zetu
Hotuba ya Mkuu wa Karakana kwa madereva wa Halmashauri



Mmeniuliza mara nyingi kama yafaa kuyafungia magari yetu yale machujio ya wazi, yenye umbo la pia, yauzwayo kwa ahadi ya kuongeza nguvu. Jibu langu ni hapana. Injini ya dizeli isiyobadilishwa hupata hewa ya kutosha kwa chujio lake la asili. Lile la wazi, likikaa chini ya boneti, huvuta hewa ya moto, ambayo ni nyepesi. Kinachoongezeka hasa ni mngurumo, na dereva hudhani ni nguvu.

Lililo zito zaidi ni vumbi. Nimewahi kufungua injini ya pikapu iliyofungwa kifaa hicho: silinda zimechubuka, ringi zimelika, oili inaungua. Ndilo gari lililokuwa likipeleka chanjo vijijini.

Fedha hizo zinunue chujio halisi la karatasi. Wakati wa kiangazi likaguliwe kila wiki, lipulizwe kwa upepo mdogo kutoka ndani kwenda nje, na mpira wake wa ukingoni utazamwe. Likichanika, lisirudishwe garini hata kwa safari moja.