Jua Lisipoonekana

Katika Matendo ya Mitume sura ya 27 twasoma habari za merikebu iliyokaa siku nyingi katika tufani bila jua wala nyota kuonekana. Sisi tuliozaliwa bara twaweza kudhani kwamba lililowatisha ni mawimbi tu. Lakini kwa baharia, mbingu zikifungwa, njia nayo imefungwa.

Asubuhi hii twakumbuka safari ya mwaka 1916. Meli ya Ernest Shackleton ilikuwa imevunjwa na barafu kusini kabisa mwa dunia, na watu 28 wakaponea katika kisiwa cha Elephant. Tarehe 24 Aprili sita kati yao waliondoka kwa mashua ya mita 7 hivi kutafuta msaada Georgia Kusini, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,200.

Rubani wao alikuwa Frank Worsley. Chombo chake kilikuwa sekstanti, ambayo hupima kimo cha jua juu ya upeo wa bahari. Ukikosea kimo hicho kwa digrii moja tu, umepotea kilomita 111. Sekstanti yenyewe ilikuwa nzima. Ila mawingu yalificha jua, na mawimbi yakaficha upeo. Jua lilipochungulia, wenzake walimshikilia Worsley asitupwe majini, akapima mashua ilipopanda juu ya wimbi, naye Shackleton akatazama saa. Kisha apige hesabu kwa vitabu vilivyolowa, kurasa zimegandana! Kwa siku 16 hivi alilipima jua mara 4 tu.

Hapa twapenda kusimama kidogo. Worsley alimwambia mkubwa wake waziwazi kwamba huenda amekosea hata maili 10. Kwa neno hilo wakaelekea upande wa kisiwa usio na watu, maana kama wangekipita, upepo usingewaruhusu kurudi. Nasi wazee wa kanisa, nasi wazazi, mara ngapi tumeona haya kusema, "Hapa sina hakika," na huku watu wamo chomboni mwetu?

Walitua tarehe 10 Mei. Ikabidi watatu wavuke milima ya theluji kwa miguu hadi kituo cha wavuvi wa nyangumi. Mara tatu walijaribu kurudi Elephant, barafu ikawazuia. Tarehe 30 Agosti Shackleton na Worsley wakafika. Wote 22 walioachwa walikuwa hai.