Maji ya Mvua na Njia Yake



Leo nataka kusema nanyi habari za maji ya mvua katika mji wa Dar es Salaam, nazo ni habari zimpasazo kila mwenye paa juu ya kichwa chake.

Tuanze na hesabu ndogo. Paa lenye urefu wa mita 10 na upana wa mita 10, likinyeshewa mvua ya milimita 50, hushusha lita 5,000, yaani mapipa 25 ya lita 200. Zamani mahali pa paa lile palikuwa na mchanga na majani, na ardhi ilikunywa sehemu kubwa ya maji yake. Paa halinywi, wala sakafu ya uani hainywi. Mwaka 2002 mji ulihesabiwa watu milioni 2.5 hivi, mwaka 2022 walikuwa milioni 5.4 hivi. Basi fikirini mapaa yaliyoongezeka, na mapipa yake.

Sehemu kubwa ya maji hayo hushukia mto Msimbazi, utokao vilima vya upande wa Pugu na Kisarawe, hupita Jangwani na kuingia baharini penye Daraja la Salenda. Huko chini bonde ni tambarare, kwa hiyo mto hupunguza mwendo na kuacha mchanga uliouchukua juu, pamoja na takataka zetu. Chini ya mto huinuka, na nafasi iliyo chini ya daraja hupungua. Tena iko bahari: mvua kubwa ikikutana na maji kujaa siku za bamvua, mto hauna pa kwenda ila majumbani.

Mwezi wa Desemba 2011 mafuriko yaliua watu zaidi ya 40 mjini, na wengi wa bondeni wakapewa viwanja Mabwepande. Baadhi yao walirudi. Siwalaumu upesi, maana Jangwani ni jirani ya Kariakoo, penye riziki, na Mabwepande ni mbali.

Watu wengi hudhani dawa ni mfereji wa sementi kila mtaa. Mfereji ni kitu chema, lakini hauyamalizi maji. Huyapeleka kwa jirani aliye chini, tena kwa haraka kuliko kwanza. Yale yaliyokuwa yakimfikia kidogo kidogo humjia kwa mara moja. Kwa hiyo mfereji hupimwa kuanzia baharini kwenda juu, siyo kuanzia mlangoni kwetu kwenda chini. Nalo bonde yapasa liachiwe mto, upate mahali pa kutandaa. Hiyo ni shabaha mojawapo ya mradi wa bonde la Msimbazi, ambao Benki ya Dunia ilikubali kuukopesha fedha mwaka 2022, pamoja na kujenga daraja jipya la Jangwani na kuwahamisha watu kwa fidia.

Na nyumbani je? Pipa liwekwe chini ya mchirizi wa paa, uwanja usisakafiwe wote, na mfereji wa mbele uzolewe mchanga kabla ya masika. Lakini mchanga ule uchukuliwe mbali, usirundikwe ukingoni kama tuonavyo kila mwaka, kwani mvua ya kwanza huurudisha ndani.