Mwanachama Aliyezidi Nguvu



Katika jimbo la Minnesota, nchini Marekani, upo umoja wa michezo wa vyuo vidogo vya binafsi uitwao kwa kifupi MIAC. Uliundwa mwaka 1920 na vyuo saba. Mwezi Mei 2019 umoja huo ulitangaza kumwondoa mmoja wa waasisi wake, Chuo Kikuu cha St. Thomas. Chuo hicho hakikutuhumiwa kuvunja kanuni wala kudanganya. Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa kushinda mno.

Yafaa ieleweke kwamba vyuo hivyo vilikuwa vyote katika Daraja la Tatu la michezo ya vyuo, ambamo ni marufuku kumlipia mwanafunzi ada kwa sababu ya uhodari wake uwanjani. Kanuni hiyo ni njema. Lakini haigusi ukubwa wa chuo wala uzito wa mfuko wake. St. Thomas kilikuwa na wanafunzi wa shahada ya kwanza zaidi ya 6,000, hali wengi wa wenzake hawakuzidi 3,000. Vikombe vya jumla vya michezo yote, vya wanaume na vya wanawake, vilikuwa vikienda huko mwaka baada ya mwaka. Mwaka 2017, katika mpira wa Kimarekani, kiliishinda St. Olaf kwa pointi 97 kwa 0. Mkuu wa chuo kilichofungwa hivyo atawaambia nini wazazi wa vijana wake?

Basi wadogo walikuwa na haki ya kulalamika. Chuo cha Macalester kilikwisha kuuacha mpira huo katika umoja baada ya msimu wa 2001, na mashindano ambayo wanachama wake huyakimbia si mashindano tena.

Hata hivyo, njia iliyotumika ina walakini. Tamko la umoja lilitaja usawa wa ushindani, lakini halikutaja kipimo. Je, ni idadi ya wanafunzi? Ni fedha? Au ni tofauti ya pointi? Mwanachama aliyebaki, akianza kustawi, hajui ni wapi atakapoambiwa amezidi. Kikao cha wakuu wa vyuo kingeandika mpaka kwanza, ndipo kimhukumu aliyeuvuka.

St. Thomas wenyewe hawakudhurika sana. Julai 2020 waliruhusiwa kuruka kutoka Daraja la Tatu moja kwa moja hadi la Kwanza, wakaanza huko mwaka 2021. Mwaka huohuo chuo cha St. Scholastica cha Duluth kikajiunga na umoja, na Macalester wakarudi katika mpira wake.

Aliyepoteza ni St. John's, chuo cha wanaume wasiofika 2,000. Kilikuwa kikipambana na St. Thomas tangu mwaka 1901, na pambano lao la 2017 mjini Minneapolis lilivuta watazamaji 37,355, idadi ambayo Daraja la Tatu halikuwa limepata kuiona. Walikutana mara ya mwisho wakiwa wanachama wa umoja mmoja mwezi Oktoba 2019, miezi mitano baada ya uamuzi. St. John's, wadogo hao, walishinda kwa pointi 38 kwa 20.