Barabara isiyo na pa kukimbilia

Sisi tuliozoea nchi kubwa, barabara ikikatwa na maji tunauliza mara moja: sasa tupite wapi? Mhandisi hufungua ramani, akaisogeza njia kuelekea mlimani, na mabasi yakaendelea na safari. Leo nazungumza juu ya watu ambao hawana mlima wa kusogelea. Ukiiacha barabara yao ukatembea hatua mia chache, upande wowote ule, umefika baharini.

Nchi yenyewe ni Kiribati, katikati ya bahari ya Pasifiki. Ilipata uhuru kutoka kwa Waingereza mwaka 1979. Ina visiwa 33, na sensa ya mwaka 2020 ilikuta watu karibu 120,000. Zaidi ya nusu yao wanaishi Tarawa Kusini, ukanda mwembamba wa mchanga na matumbawe ambao sehemu kubwa haizidi mita 3 juu ya usawa wa bahari. Upande mmoja ipo bahari kuu inayovuma, upande wa pili bahari ya ndani iliyotulia. Katikati yake inapita barabara kuu moja, kutoka Betio penye bandari (ndiyo Betio ile waliyouana Wamarekani na Wajapani Novemba 1943) hadi Bonriki penye uwanja wa ndege. Mgonjwa, mwanafunzi, gunia la mchele na jeneza, vyote hupita hapo.

Kwa miaka mingi barabara hiyo ilikuwa mashimo matupu. Katika miaka ya 2010 Benki ya Dunia, Benki ya Maendeleo ya Asia na serikali ya Australia ziligharimia kuijenga upya. Sina ugomvi na jambo hilo. Anayebeza lami hajawahi kupakiwa kwenye pikapu akiwa na uchungu wa uzazi.

Lakini tuangalie lami inakufaje. Adui yake mkubwa ni maji yanayoingia chini yake na kulainisha tabaka la kokoto lililoshindiliwa. Likishalegea, magari yanamalizia kazi. Huku kwetu tunachimba mtaro, maji yanateremka bondeni. Tarawa bonde liko wapi? Zaidi ya hayo, maji baridi ya kisiwani yanaelea ardhini juu ya maji ya chumvi, na yote hupanda na kushuka pamoja na bahari. Siku za bamvua kubwa barabara hulowa kutoka chini, hata kama mbingu ni nyeupe.

Utaniambia basi inyanyuliwe. Ni sawa, lakini barabara iliyonyanyuliwa juu ya kisiwa chembamba inakuwa bwawa. Mvua ikinyesha, au wimbi likiruka ukuta, maji yanayotaka kuvuka kwenda upande wa pili yanazuiwa na tuta, yanatuama ndani ya nyumba za watu. Usipoweka makalvati ya kutosha, na mashimo ya kunywea maji kila baada ya hatua kadhaa, umeiokoa barabara na kumzamisha mwananchi.

Kisha kuna suala la kokoto. Kisiwa cha matumbawe hakina jabali hata moja. Jiwe gumu lazima lije kwa meli kutoka mbali, kwa bei ya meli. La sivyo utachota mchanga na changarawe za ufukweni, na watu wamechota sana, kwa majengo, kwa kuta, kwa njia. Ufukwe huo ndio ngao ya kisiwa. Unauchimba ili upate barabara, halafu bahari inaingia kupitia pale ulipochimba na kuibomoa barabara yenyewe. Wenyeji wa Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa sana; uchimbaji wa mchanga katika mito inayomwaga maji kuelekea Kunduchi ulichangia kuliwa kwa ufukwe ule, na hoteli ya Africana ikaenda nao. Umoja wa Ulaya ulisaidia Tarawa kupata chombo cha kuchota mchanga na kokoto katika bahari ya ndani, mbali na ufukwe. Kwa maoni yangu huo ni mradi wa barabara sawasawa na lami yenyewe, ingawa hakuna kiongozi anayekata utepe juu ya lundo la mchanga.

Na yapo matuta. Visiwa vidogo vya Tarawa Kusini viliunganishwa kwa matuta yaliyojengwa baharini. Refu kuliko yote, lenye zaidi ya kilometa 3, lilijengwa kwa msaada wa Japani katika miaka ya 1980 kuiunganisha Betio na Bairiki. Watu walifurahi, na walikuwa na haki. Kabla ya hapo walivuka kwa mashua. Ila matuta yale yaliziba milango ambayo maji na samaki walipita kati ya bahari mbili. Wavuvi wazee waliwaeleza watafiti kwamba samaki wanaomwita ikari, aliyekuwa akitoka kwa makundi kwenda kutaga bahari kuu, njia zake zilikatika moja baada ya nyingine. Samaki huyo alikuwa kitoweo cha watu wengi. Wazee hao wangeulizwa kabla ya kifusi kumwagwa, daraja lenye uwazi lingegharimu zaidi, lakini mlango ungebaki.

Mwezi Machi 2015 kimbunga Pam kiliivunjavunja Vanuatu, na mawimbi yake yakafika Tuvalu na visiwa vya kusini vya Kiribati. Hawa ni watu ambao moshi wao hauonekani katika hesabu ya dunia. Mwaka 2022, kule Sharm el-Sheikh, mataifa yalikubaliana kuanzisha mfuko wa kulipia hasara za namna hii.

Wahisani hupenda kugharimia kilometa, kwa sababu kilometa zinapigika picha. Mimi ningewauliza maswali matatu kabla ya greda kushuka melini: kokoto inatoka wapi, maji yatavuka wapi, na katika mwaka wa 10 nani atamlipa kijana mwenye koleo azibue kalvati?